Je, lazima msuli wa paja ukatwe ndipo goti libadilishwe?

"Daktari, nina miaka 62. Goti langu la kulia limelika upande wa ndani hadi mfupa unasugua mfupa, na mguu umepinda kama upinde. Nikiwa na miaka 24 niliumia mpirani, wakanifungua goti na kuondoa gegedu lililochanika. Kovu lake liko upande wa ndani wa goti. Siku hizi goti halikunji kupita digrii 85. Jirani yangu alibadilishiwa goti kwa njia aliyoambiwa 'haikati msuli', na baada ya siku chache alikuwa anainua mguu vizuri. Daktari wangu bingwa alinilaza kitandani, akanishika paja, akakunja goti mara tatu, kisha akasema kwangu atatumia njia ya kawaida ya kupitia kwenye ukano. Hakueleza zaidi. Nina mapaja manene tangu ujana na sitaki kuyapoteza. Je, paja litabaki dhaifu? Ananitibu kizamani? Nitafute daktari mwingine?"

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa maumivu ya miaka mingi. Nimesoma swali lako mara mbili, na ndani yake naona hofu tatu zilizofungwa kwa kamba moja: kwamba msuli ukiguswa na kisu haurudi, kwamba daktari wako amebaki nyuma, na kwamba jirani amepewa kitu kizuri ambacho wewe unanyimwa. Nitazifungua zote. Ila niseme mapema kwamba daktari alipokushika paja na kukunja goti lako mara tatu, alikuwa tayari anachagua njia ya kuingilia. Alichokosea, kwa maoni yangu, ni kutokukwambia mikono yake ilihisi nini. Ngoja nijaribu kukueleza mimi, ingawa goti lako sijaliona.

Anza kwa kuligusa mwenyewe. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mbele yako, kisigino kiwe sakafuni, halafu kaza paja kana kwamba unalisukuma goti chini. Weka vidole viwili juu kidogo ya pia ya goti, upande wa ndani. Utahisi kinundu kinachokaza, chenye umbo la tone la maji. Ukikitafuta upande wa nje hukipati mahali hapohapo, kwa kuwa msuli wa nje huishia juu zaidi. Hicho kinundu ni ncha ya chini ya msuli wa ndani wa paja, ambao sisi tunauita vastasi medialisi, na mjadala wote wa "kukata" na "kutokukata" unazunguka eneo hilo lisilozidi kiganja kimoja.

Mbele ya paja kuna misuli minne inayofanya kazi pamoja. Mmoja, rektasi femorisi, unapita juu katikati, nao ndio pekee unaoanzia kwenye mfupa wa nyonga. Kwa hiyo unavuka viungo viwili, nyonga na goti. Chini yake kuna msuli wa kati uliolala moja kwa moja juu ya mfupa wa paja. Wa nje ndio mkubwa kuliko yote, na wa ndani ndio huo uliougusa. Yote minne inaungana kuwa ukano mmoja mpana unaoshika pia ya goti kwa juu. Kutoka chini ya pia, ukano mwingine mfupi unashuka hadi kwenye kinundu cha mbele ya muundi, kile unachokihisi ukipiga magoti. Kwa hiyo fikiria mnyororo: misuli, ukano wa juu, pia ya goti, ukano wa chini, mfupa wa muundi. Mnyororo huo ndio unaokunyanyua kitini na kukuzuia usianguke unaposhuka ngazi.

Shida ya sisi tunaobadilisha magoti ni kwamba mnyororo huo umekaa mlangoni hasa. Ili kukata sehemu zilizolika za mfupa wa paja na wa muundi na kuweka goti bandia, lazima tuusogeze pembeni, kwa kawaida upande wa nje, goti likiwa limekunjwa, kisha tuurudishe mahali pake ukiwa mzima. Njia zote unazozisikia zinajibu swali hilo moja: tuusogeze vipi bila kuuharibu?

Sasa nisahihishe neno lililokutia hofu. Katika njia ya kawaida, ambayo daktari wako ameitaja, hakuna msuli unaokatwa kwa kukingama. Ukano wa juu unachanwa kwa urefu, kufuata nyuzi zake, karibu na ukingo wake wa ndani. Mpasuo unashuka ukiizunguka pia ya goti kwa upande wa ndani, hadi kando ya kile kinundu cha muundi. Daktari makini huacha utepe mwembamba wa ukano, milimita chache tu, ukiwa umeshikamana na msuli wa ndani. Sababu ni wakati wa kushona: ukano ukishonwa kwa ukano, uzi unashika. Nyama ya msuli ukiishona peke yake, uzi unaichana kama unavyochana mkate laini. Ajabu ni kwamba, kati ya njia tatu zinazotumika sana, hii inayoitwa ya kukata msuli inaiacha nyama ya msuli wenyewe nzima.

Njia ya pili inapita katikati ya msuli. Hapa ukano hauguswi. Badala yake, kuanzia pembe ya juu ya ndani ya pia ya goti, nyuzi za msuli wa ndani zinaachanishwa kwa kufuata mwelekeo wake, kama mtu anayepasua ubao kwa kufuata mkondo wa mti. Ni sentimita chache tu. Ukipanda juu kupita kiasi unakaribia neva ndogo zinazouhudumia msuli huo, na neva hizo zikijeruhiwa sehemu ya msuli inakosa amri kutoka kwenye ubongo.

Ya tatu inapita chini ya msuli. Nadhani ndiyo aliyofanyiwa jirani yako. Ukingo wa chini wa msuli wa ndani unainuliwa kutoka kwenye utando unaoutenga na misuli ya nyuma, kisha msuli mzima, pamoja na ukano na pia ya goti, unasukumwa nje kama pazia. Ukano haujachanwa, msuli haujapasuliwa. Kimaumbile ni njia nzuri, sikatai, na mimi mwenyewe huipenda pale goti linaporuhusu. Lakini angalia neno nililotumia: unasukumwa. Kinachosukumwa lazima kikubali kusogea.

Hapo ndipo tunapofika kwenye paja lako. Msuli mnene na mzito haukubali kusogea kirahisi. Paja fupi na nene ni gumu zaidi, kwa sababu urefu wa kulegea ni mdogo ilhali uzito wa kusogeza ni mkubwa. Kuna tofauti nyingine ambayo wagonjwa hawaambiwi: ncha ya chini ya msuli wa ndani haiishii mahali pamoja kwa kila mtu. Kwa wengine inashika pembe ya juu tu ya pia ya goti. Kwa wengine inashuka hadi katikati ya ukingo wake. Kadiri inavyoshuka, ndivyo nyama inavyoziba mlango. Daktari akikukazisha paja na kupitisha kidole pale, anaweza kuhisi imefika wapi. Ninavyoamini, ndicho alichokuwa anakitafuta alipokushika.

Jambo zito zaidi katika barua yako, hata hivyo, ni zile digrii 85. Watu wengi wanahitaji kama digrii 90 au zaidi kidogo ili kuinuka kitini vizuri, kwa hiyo najua unavyotaabika. Lakini kwa mpasuaji namba hiyo ina maana nyingine. Goti lisilokunja kwa miaka mingi lina ukano uliokakamaa, utando wa ndani ulioganda juu ya pia ya goti, na mara nyingi makovu ya ndani kutokana na upasuaji wa zamani. Wakati wa kubadilisha goti lazima tulikunje kupita hapo ili vifaa viingie. Ukilazimisha kukunja huku mnyororo umesukumwa pembeni na umebana, nguvu yote inaishia kwenye kiungo dhaifu kabisa, yaani pale ukano wa chini unaposhika muundi. Ukano huo ukianza kung'oka kutoka kwenye mfupa, mzee wangu, hiyo ni ajali kubwa kuliko mpasuo wowote wa msuli unaouogopa. Kuurekebisha ni kazi ngumu, na mara nyingi mgonjwa anabaki hawezi kunyoosha goti kwa nguvu zake. Sisi sote tulio chumbani tunaukazia macho ukano ule tunapokunja goti gumu. Nikiona nyuzi za ukingo wake wa ndani zinaanza kuchanuka, ninasimama, ninalinyoosha goti na kufungua zaidi upande wa juu. Huwa siendelei hata kidogo kabla ya hapo.

Faida ya njia ya kawaida ni kwamba inaweza kurefushwa. Ikiwa goti bado limebana, mpasuo wa ukano unaendelezwa juu kwa mshazari, kuelekea nje, pale ukano unapokutana na msuli. Ni mkato mdogo ambao baadaye unashonwa, na kwa kawaida haubadilishi mazoezi ya baada ya upasuaji. Zipo na hatua kubwa zaidi kwa magoti yaliyoganda kabisa, kama vile kuinua kipande cha mfupa wa muundi pamoja na ukano wake na kukirudishia kwa waya au skrubu, lakini kwa digrii 85 mara nyingi hatufiki huko. Njia ya chini ya msuli haina mlango wa dharura ulio mwepesi namna hiyo. Ukikwama katikati, umekwama ndani ya goti lililo wazi.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi: goti gumu, paja nene na upasuaji wa zamani, vyote vitatu kwa mtu mmoja, ni sababu tatu za kuchagua njia ambayo daktari wako ameichagua. Si uzembe huo.

Kuhusu ukale. Njia ya kawaida, yaani hii inayopita kando ya pia ya goti, ilielezwa karne ya 19 na Mjerumani Bernhard von Langenbeck, na baadaye John Insall, aliyefanya kazi New York, akaiboresha kwa ajili ya magoti bandia. Hivyo ni kweli ina umri mkubwa. Lakini ile ya chini ya msuli nayo ilikwisha andikwa na Mjerumani mwingine, Erkes, mwaka 1929. Hofmann na wenzake nchini Marekani waliirudisha mwaka 1991 kwa upasuaji wa kubadilisha goti. Ya katikati ya msuli ilielezwa na Engh na wenzake mwaka 1997. Hakuna hata moja iliyozaliwa jana. Pia kuna njia ya kuingilia upande wa nje, ambayo Keblish aliieleza mwaka 1991 kwa magoti yaliyopinda kwa ndani, yale yanayogongana mtu anapotembea. Lako limepinda kinyume chake, kwa hiyo hiyo haikuhusu.

Sasa jirani yako. Sitaki kumkanusha, kwa sababu anachosema kinaendana na yaliyoonekana katika tafiti nyingi zilizolinganisha njia hizi: wanaopitiwa chini ya msuli au katikati yake mara nyingi huweza kuinua mguu ulionyooka mapema zaidi, na katika siku za mwanzo maumivu yao huwa pungufu kidogo. Hilo ni la kweli na lina thamani, hasa kwa mtu anayeishi peke yake. Lakini tofauti hiyo inayeyuka. Baada ya wiki kadhaa, na hakika baada ya miezi michache, ukiwapanga wagonjwa mstari mmoja huwezi kusema nani alipitiwa wapi, si kwa nguvu, si kwa kukunja goti, si kwa kutembea. Kinachobaki kwa miaka mingi ni kama goti bandia limewekwa sawa, limesawazishwa, na pia ya goti inateleza kwenye njia yake. Kazi hiyo inataka daktari aone vizuri. Kumnyima nafasi ya kuona ili kuokoa wiki chache za mwanzo ni biashara mbaya kwa mtu mwenye goti kama lako.

Tena, siku hizi wagonjwa wengi husimamishwa siku ileile ya upasuaji au kesho yake, hata waliopitiwa njia ya kawaida. Na ganzi imechangia sana. Zamani tulizoea kutia ganzi kwenye neva kuu ya paja pale kinenani, ambayo iliondoa maumivu na pia kuilegeza misuli ya mbele ya paja. Sasa wengi hutia chini zaidi, kwenye mfereji ulio kati ya misuli ya ndani ya paja, ambako ganzi inazuia zaidi neva za hisia na kuacha nguvu ya msuli karibu yote. Huenda jirani yako aliinua mguu kwa sababu ya sindano hiyo kuliko kwa sababu ya njia ya kisu. Muulize daktari wa usingizi atakutia ganzi ya namna gani. Ni swali zuri na wagonjwa wachache sana hulikumbuka.

Nije kwenye hofu yako kubwa, kwamba paja litabaki dhaifu. Litadhoofika, nisikufiche. Karibu kila mtu hudhoofika. Mwezi mmoja baada ya kubadilishiwa goti, nguvu ya misuli ya mbele ya paja mara nyingi huwa imeshuka hadi kama nusu ya ile aliyokuwa nayo kabla, au chini ya hapo. Hili linatokea hata kwa wale ambao msuli wao haukuguswa. Kwa nini?

Goti lina vihisio vinavyopeleka habari kwenye uti wa mgongo. Goti likivimba, vihisio hivyo vinatuma ujumbe, na uti wa mgongo unazipunguzia amri neva zinazokaza paja. Wewe unataka kukaza, ubongo unatuma amri, lakini njiani inapunguzwa. Msuli ni mzima, hauitwi kikamilifu. Katika majaribio ya kudunga maji kwenye magoti mazima, mililita 20 hadi 30 zilitosha kuufifisha msuli wa ndani wa paja, huku ile mingine ikihitaji karibu mara mbili ya hapo. Mililita 20 ni vijiko vinne vya chai! Goti lililotoka kupasuliwa lina uvimbe mkubwa kuliko huo. Ndiyo maana barafu, kuinua mguu, bandeji ya kubana na dawa za maumivu kwa wakati wake ni sehemu ya kuliimarisha paja. Mgonjwa anayevumilia maumivu kishujaa bila dawa, huku goti limevimba kama tikiti, anauzima msuli wake mwenyewe.

Chanzo cha pili umekwisha ishi nacho. Goti lako limeuma kwa miaka, na uvimbe wa mara kwa mara pamoja na kulikwepa goti vimekwisha upunguza msuli wa ndani. Jipime: chukua utepe wa fundi, weka alama sentimita 10 juu ya ukingo wa juu wa pia ya goti kwenye miguu yote miwili, pima mzunguko misuli ikiwa imekazwa. Usishangae ukikuta paja la kulia limepungua, hata kama kwa macho yote mawili yanaonekana manene. Upungufu huo kisu hakijauleta, nao unaanza kurudishwa kabla ya upasuaji.

Kwa hiyo kazi yako ianze sasa. Ulalie mgongo, uweke taulo lililokunjwa chini ya goti, ulibonyeze taulo kwa goti huku ukihesabu hadi tano, uachie. Mara kumi, asubuhi na jioni. Ukiweza bila maumivu makali, inua mguu ulionyooka shubiri moja kutoka kitandani na kuushusha polepole. Kuinuka kitini bila kusukuma kwa mikono ni zoezi zuri kuliko mashine nyingi, mradi kiti kiwe cha juu. Mtaalamu wa tiba ya mazoezi atakupangia zaidi. Anayeingia chumba cha upasuaji na paja lenye nguvu huwa ana akiba ya kupoteza.

Kuna kipimo kingine unachoweza kumwomba daktari akufanyie: alikunje goti ukiwa umekaa, kisha alikunje tena ukiwa umelala kifudifudi. Kama ukiwa kifudifudi linakunja pungufu kuliko ukiwa umekaa, ule msuli unaovuka viungo viwili umefupika, na unaweza kunyooshwa kwa mazoezi kabla ya upasuaji. Kama ni sawasawa katika mikao yote miwili, ugumu uko ndani ya goti lenyewe, na mazoezi hayatauondoa. Kazi hiyo itakuwa ya upasuaji.

Sijamaliza, kwa sababu kovu lako linanihangaisha kuliko msuli. Watu hudhani mpasuo wa ngozi na mpasuo wa ndani ni kitu kimoja. Sivyo. Ngozi inaweza kufunguliwa katikati na njia ya ndani ikawa yoyote kati ya zile tatu. Kovu la nje halisemi kilichofanyika ndani. Lakini ngozi ya mbele ya goti ina tabia yake: damu yake kwa sehemu kubwa inatoka upande wa ndani. Ukiwa na kovu refu la wima, kisha ukafungua jingine sambamba karibu nalo, utepe wa ngozi uliobaki katikati unaweza kukosa damu na kufa. Ngozi ikifa juu ya goti bandia, wadudu wanapata njia ya kuingia, na hapo balaa ni kubwa. Kwa hiyo tunapanga: kovu la zamani likiwa limekaa vizuri, tunalitumia hilohilo na kulirefusha; kama makovu ya wima ni zaidi ya moja, tunachagua lililo nje zaidi linalofaa, ili kuiachia ngozi damu inayotoka upande wa ndani; kama kovu la zamani halifai, tunaacha nafasi ya kutosha kati yake na mpasuo mpya, na tunainua ngozi kwa unene wake wote bila kuitenga na mafuta yaliyo chini yake. Kovu fupi la kukingama halina shida kubwa, mradi mpasuo mpya ulikate kama msalaba. Hujaniambia lako lina urefu gani wala liko mbali kiasi gani na pia ya goti, na picha haitoshi kwa hilo. Lazima lishikwe, ionekane kama ngozi bado inateleza juu ya mfupa au imegandamana nao. Kama daktari hakulitaja, litaje wewe.

Baada ya upasuaji utahisi ganzi kwenye ngozi upande wa nje wa mshono. Huo ni mkondo mdogo wa neva ya ngozi unaopita mbele ya goti, ambao mpasuo wa katikati hauwezi kuukwepa. Eneo hilo hupungua kadiri miezi inavyopita, ingawa kwa wengine haliishi kabisa. Halina uhusiano na nguvu ya paja.

Je, utafute daktari mwingine? Maoni ya pili ni haki yako, na daktari mzuri hachukii. Lakini usiende kumtafuta anayekuahidi "kutokata msuli". Ukimtafuta utampata, na huenda akakufanyia kwa njia isiyokufaa. Rudi kwanza kwa yuleyule umuulize: kwa goti langu hili gumu, ukikwama utafanya nini? Kovu langu utalitumia au utaliacha? Ni njia ipi unayoifanya kila wiki? Swali la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote. Njia nzuri mikononi mwa mtu anayeifanya mara mbili kwa mwaka ni mbaya kuliko njia ya kawaida mikononi mwa mtu aliyeizoea. Akikujibu kwa utulivu, umepata daktari. Akikasirika au kukwepa, nenda kwa mwingine.

Kuna mambo ambayo hayangoji miadi. Kama hata sasa, kabla ya upasuaji, huwezi kabisa kuinua mguu ulionyooka, au ukiinua goti linalegea na kushuka, onwa upesi: huenda ukano umechanika au neva inabanwa mgongoni, na goti bandia halitibu hilo. Vivyo hivyo kama maumivu yanaanzia kinenani, au huwezi kuzungusha mguu kwa ndani. Nyonga mbovu huweza kuumiza goti, nami nimeona mtu akija kubadilishiwa goti kumbe mgonjwa ni nyonga. Baada ya upasuaji, nenda hospitali siku hiyohiyo ukisikia kitu kimekatika ghafla na goti likakataa kunyooka, ukiona mshono unatoa maji au usaha, homa inapanda, shavu la mguu linavimba na kuuma, kifua kinabana, au wayo unaning'inia na hauinuki. Usimpigie jirani kwanza.

Mwisho wa upasuaji, baada ya kushona ukano, sisi hulikunja goti na kuliacha lishuke kwa uzito wake wenyewe, bila kusukuma. Tunaangalia mambo mawili: mshono unashika, na pia ya goti inateleza katikati bila kidole kuishikilia. Digrii zinazopatikana pale mezani zinaandikwa, na kwa kawaida hizo ndizo tunazotarajia ufikie kwa mazoezi. Omba uambiwe namba hiyo kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na umpe mtaalamu wako wa mazoezi. Kwa aliyeingia na 85, kutoka na 100 au 110 ni furaha kubwa. Usijilinganishe na jirani aliyeingia na goti linalokunja vizuri.

Na kama una karatasi zozote za ule upasuaji wa miaka 38 iliyopita, hata zilizochakaa, nenda nazo kwa daktari wiki hii. Kilichoandikwa humo kuhusu walipopita kitamsaidia kuchagua mahali pa kuweka kisu.